Maji Yanayopita Kwangu

Alhamisi, 6 Juni

Nimehamisha miche. Nilisubiri jua lipoe, maana mche wa biringanya ukihamishwa na jua kali unalala chini, na wakati mwingine hauamki. Kitalu nilikimwagilia asubuhi udongo ulainike, miche ikatoka na udongo wake kwenye mizizi. Ina majani matano, sita. Imekomaa vya kutosha. Mashimo nilichimba jana nikaweka konzi ya samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe wa jirani. Hatua moja kutoka shimo hadi shimo. Wengine wanabananisha, halafu wanashangaa kupata matunda kama mayai.

Mgongo unauma. Goti la kushoto pia.

Kwenye shamba la chini yangu, yule mke mwenzangu naye alikuwa anahamisha. Hatukusalimiana.

Jumatatu, 10 Juni

Sota, wale viwavi wa udongoni, wamekata miche usiku, chini kabisa, kama kwa wembe. Nimefukua pembeni ya kila mche uliokatwa, nikawakuta wamejikunja udongoni. Nimewaponda. Mapengo nimeyaziba kwa miche iliyobaki kitaluni. Nimetandaza nyasi kavu kuzunguka mashina ili unyevu usipotee. Kiangazi kimeanza kweli. Vumbi la barabara ya Kibondo linafika mpaka kwenye majani.

Jumapili, 23 Juni

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya kusamehe. Nilimsikiliza vizuri. Halafu nikageuka, nikamwona Yustina benchi la nyuma na binti yake Anita. Mahubiri yakaniishia pale pale.

Simpendi. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikemea. Mume wangu, Baba Deo, alimleta kutoka Kasulu wakati mimi nina watoto wanne na mvi zimeanza. Alikuwa anauza samaki wa migebuka sokoni. Akajengewa nyumba ng'ambo ya migomba yangu, nikawa nasikia kicheko chake huku napika. Hilo nililizoea. Kilichoniuma ni kwamba Baba Deo alikwenda kufia kwake. Nilipofika alikuwa ameshafumbwa macho.

Baada ya msiba ukoo uligawa bonde. Mimi mke mkubwa nikapewa juu, penye chemchemi. Yeye akapewa chini. Mfereji ni ule ule aliouchimba marehemu: unapita shambani kwangu kwanza, kisha unaingia kwake. Mimi namwagilia asubuhi, yeye jioni. Sharti la ukoo ni moja. Tutakaa bondeni mradi tunalima. Kipande kikilala kinarudi kwa ukoo, na kurudi kwa ukoo maana yake ni kwenda kwa shemeji yangu Gervas. Yeye anataka kuchimba udongo wa matofali. Akichimba, chemchemi itakufa. Nimeona bonde la wenzetu kule mbele. Siku hizi ni madimbwi na vyura tu.

Jumatano, 10 Julai

Maua. Zambarau, yameinama kama yana haya. Miche imefika magotini. Nimekata ncha za ile iliyorefuka ili itoe matawi. Mingine nimeichomekea vijiti, maana matunda yakija shina halibebi peke yake.

Chini ya majani nimeona utitiri, vidoa vyekundu vinavyotembea. Nimepulizia maji ya sabuni. Nitarudia baada ya siku chache.

Deo alipiga simu kutoka Geita. Anasema niache kilimo niende nikakae kwake. Nikamwuliza nitakaa nafanya nini. Akasema nitakaa tu. Hajui anachosema.

Shamba ni zuri. Sijapata kuwa na shamba zuri hivi tangu nibaki peke yangu. Hata la chini ni zuri. Yule mwanamke ana mkono wa kulima, siwezi kukataa.

Alhamisi, 25 Julai

Mche mmoja ulinyauka mchana. Majani yamelegea yote, lakini ni ya kijani, hayana doa. Nilidhani kiu. Nimeumwagilia debe zima.

Ijumaa, 26 Julai

Asubuhi ule mche ulikuwa umesimama. Nikafurahi. Mchana ukalala tena. Na wa jirani yake.

Jumapili, 28 Julai

Sikwenda kanisani. Imelala mingi, mstari mmoja kutoka kwenye mfereji kwenda katikati. Wa kwanza umekufa ukiwa wa kijani, haukupata hata kugeuka njano. Una matunda matatu yameanza kung'aa. Nimeyashika. Ni laini kama sikio la mgonjwa.

Ninaogopa.

Jumanne, 30 Julai

Bibi shamba amekuja na pikipiki yake. Anaitwa Happiness, mtu wa Buhigwe, hana maneno mengi. Alipita mistari yote kabla ya kusema kitu. Kisha akaomba glasi ya maji safi. Akakata shina la mche mgonjwa karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, akakishikilia ndani ya maji bila kukitikisa. Tukasubiri. Zikaanza kutoka nyuzi nyeupe, taratibu, kama maziwa yanayovuja.

"Mnyauko wa bakteria," alisema. "Uko kwenye udongo, mama. Dawa yake hakuna."

Nikauliza hata ya kununua Kasulu. Akasema hata ya kununua Dar es Salaam.

Amenielekeza. Ning'oe mgonjwa na mizizi yake yote, nichome. Nisitupe hata jani kwenye mfereji. Jembe nilioshe kila nikitoka. Biringanya nisipande hapa kwa misimu mingi, wala nyanya, wala pilipili, wala viazi mviringo, maana hivyo vyote ni ndugu na vinaumwa ugonjwa mmoja. Mahindi hayadhuriki. Maharage nayo hayadhuriki.

Alipokuwa anavaa kofia yake ya pikipiki aliangalia mfereji.

"Maji yakishapita hapa yanakwenda wapi?"

"Kwa mwenzangu."

"Basi mwambie leo. Yasipite tena kwenye udongo huu."

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Nikiyaacha maji yapite, shamba la Yustina litaugua. Nikiyazuia, litakauka, kwa sababu njia nyingine haipo. Na nikinyamaza hakuna atakayejua.

Niliwaza kunyamaza. Ndiyo, niliwaza.

Kisha nikavaa kanga, nikapita kwenye migomba. Sikuwahi kufika mlangoni kwake tangu tuanue matanga. Nilimsalimu mwidiwe kama kawaida ya kwetu. Aliitikia bila kuinua macho, alikuwa anamenya muhogo. Nikamweleza yote: glasi, nyuzi nyeupe, udongo. Nikamwambia nitachimba mfereji mpya pembeni ya shamba langu, uzunguke, umpelekee maji safi moja kwa moja kutoka kwenye chemchemi. Avumilie siku chache maji yakiwa yamefungwa.

Akaweka kisu chini.

"Mama Deo, tangu mzee afe unatafuta njia ya kunitoa."

"Yustina, njoo uone mwenyewe."

"Nikaone nini? Miche imekufa kwa kiu unaniambia ina ugonjwa. Shemeji aliniambia. Alisema siku moja utanifungia maji."

Nikaondoka. Anita alinisindikiza mpaka kwenye migomba. Ana macho ya baba yake. Hilo nalo linanichosha.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimefunga mfereji kwa mawe na matope. Nimeanza kuchimba ule mpya. Udongo wa pembeni ni mgumu, una changarawe. Goti limevimba. Nimelikanda kwa maji ya moto na chumvi.

Nimeng'oa wagonjwa, nimechoma. Mche mbichi hauungui haraka. Unafuka tu, moshi mzito, unaingia kwenye nguo na kwenye chakula.

Jumatatu, 5 Agosti

Mfereji mpya umefika nusu. Jirani mmoja alisimama barabarani akaniuliza kwa nini nachimba kaburi refu hivyo. Alikuwa anatania. Sikucheka.

Yustina anabeba maji kwa ndoo kutoka kisimani, yeye na Anita. Wanamwagilia mche mmoja mmoja. Namwona anavyoinama. Siku mbili tatu tu, nilitaka kumwambia kwa sauti. Nikainama kuchimba.

Jumatano, 7 Agosti

Nimefika bondeni asubuhi, mawe yamesogezwa. Maji yamepita usiku kucha katikati ya shamba langu, kwenye mashimo ya wagonjwa, juu ya mizizi iliyobaki, mpaka chini kwake. Huko kila mstari umelowa. Miche yake ilikuwa imesimama, imeshiba, inapendeza.

Nyayo za kandambili zilikuwa kwenye matope. Nazijua.

Sikufunga. Nilikaa kwenye ukingo. Nikasema, basi. Ametaka mwenyewe.

Mchana nikafunga. Sijui kwa nini. Nikaendelea kuchimba hadi mikono ikatoka malengelenge.

Jumamosi, 10 Agosti

Mfereji mpya umekamilika. Maji yamezunguka pembeni, yameingia kwake bila kugusa kwangu. Ni safi, unaona kokoto chini. Nilimtuma jirani akamwambie. Jibu sikuletewa.

Matunda ya miche yangu iliyosalia nimeyavuna kabla haijafa. Ngozi bado inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole na ikarudi, imefaa. Ikibaki na shimo, imepitiliza na ndani mbegu zimekuwa za kahawia. Nimekata kila tunda na kikonyo chake kwa kisu, sikuvuta. Ukivuta unaumiza tawi. Nilifanya hivyo kwa mazoea tu, maana hayo matawi yana siku ngapi?

Usiku nilipika biringanya moja kwa mawese na dagaa. Sikumaliza.

Jumapili, 18 Agosti

Nimeona kutoka juu. Saa ya jua kali nilisimama nikiegemea jembe, nikatazama chini. Mstari wake wa kwanza umelala.

Nilifurahi. Kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, nilifurahi. Halafu nikamwona Anita ameleta ndoo, anamwagilia ile iliyolala, anaishika majani kama anaiamsha. Nikaona aibu mpaka nikaingia ndani ya migomba kujificha.

Alhamisi, 22 Agosti

Kisimani leo wanawake walinyamaza nilipofika. Mama Restituta, ambaye tumeimba naye kwaya miaka yote hii, alichukua ndoo yake ikiwa haijajaa akaondoka.

Jioni nimeambiwa sababu. Gervas anasema kwenye vilabu vyote vya pombe vya hapa Busunzu kwamba nimetia dawa kwenye mfereji. Eti nilianza na shamba langu ili nisishukiwe. Eti ndiyo maana nilichimba mfereji wa pili, wa kupitishia vitu vyangu.

Nimecheka mwanzoni. Halafu nimekumbuka yule mama wa kijiji cha pili, mjane kama mimi. Walianza hivi hivi, kwa kunyamaza kisimani. Nyumba yake ilichomwa naye yuko ndani. Walimtoa akiwa hai, lakini hajawahi kuwa sawa.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimeweka ndoo mbili za maji karibu na kitanda. Mlango nimeukaza kwa gogo.

Deo nimempigia. Amesema anakuja. Baadaye akapiga tena, kazini hawampi ruhusa. Amesema nikae ndani nisibishane na mtu. Nilitaka kulia kwenye simu, nikajizuia kwa sababu nilisikia wenzake wanaongea pembeni.

Jumatatu, 26 Agosti

Shamba la Yustina limekwisha. Halikuchukua hata siku kumi. La kwangu lilikuwa linakufa mche kwa mche, la kwake limekufa kama limechomwa. Yale maji ya usiku ule yalisambaza kila mahali.

Amekaa katikati ya mistari tangu asubuhi. Hang'oi. Amekaa tu.

Kikao cha ukoo kimeitishwa Alhamisi.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimerudi kutoka kikaoni.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Gervas, nyuma, kwenye banda lake la matofali. Wanaume mbele, wanawake kwenye mkeka. Baba mdogo wa marehemu ndiye alikalia kiti cha mwenyekiti, lakini anayesema ni Gervas. Alisema kwa utaratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema bonde limekufa lote kwa wakati mmoja, jambo ambalo babu zetu hawakuliona. Alisema kuna mtu alikwenda mlangoni kwa mwenzake akamtabiria kwamba shamba lake litaugua, na kweli likaugua. Akauliza, mtu anajuaje jambo kabla halijatokea?

Nilisimama nikaeleza habari ya bibi shamba na glasi. Mmoja akasema glasi hata waganga wanatumia. Wakacheka. Nikakaa.

Ndipo baba mdogo akamwambia Yustina aseme. Yeye ndiye mlalamikaji. Nilijua imekwisha. Nilianza kufikiria nani atamlea mbuzi wangu, mawazo ya kijinga kama hayo.

Yustina alisimama polepole. Hakunitazama.

"Maji yalifungwa na Mama Deo," alisema. "Aliyeyafungua ni mimi."

Gervas akasema, "Shemeji, hujaulizwa hilo."

"Nimeulizwa niseme. Alikuja kwangu akanieleza kila kitu. Akaniambia yasipite. Sikumwamini. Nikaenda usiku nikaondoa mawe kwa mikono yangu. Kama kuna aliyeua shamba langu, ni mimi. Huyu mama hana dawa. Angekuwa na dawa, angenimaliza siku ile nilipoletwa."

Watu wengine walicheka, lakini cheko lilikuwa la aina nyingine. Gervas hakucheka.

Baba mdogo alisema habari ya urozi ifungwe, asiisikie tena. Nikashusha pumzi. Kisha Gervas akasema vizuri, basi tubaki na sharti. Bonde halina kitu. Limelala. Wakabishana sana. Mwisho wakatoa neno: tunapewa mpaka mvua za kwanza. Kipande kitakachokutwa hakijapandwa mvua zikishika, kitachimbwa. Na wakasema wazi kwamba cha chini ndicho kitakachoanza, kwa sababu mwenye nacho hana mtoto wa kiume.

Tulitoka kwa njia moja, Yustina na mimi. Yeye mbele, mimi nyuma.

Jumamosi, 31 Agosti

Asubuhi nimemkuta bondeni, shambani kwake, anang'oa. Nikashuka na jembe langu nikaanza upande wa pili. Hakunikataza. Tulikutana katikati karibu na saa sita. Tukakusanya, tukachoma. Nilimwonyesha namna ya kutoa mzizi wote usibaki. Alifanya.

Tulikaa kwenye ukingo tukala muhogo wa kuchoma aliokuja nao Anita. Moshi ulitufuata kila tulipohama.

Yustina aliniuliza, "Mzee alikuwa anakoroma na kwako?"

"Mpaka mabati yanalia."

Akatabasamu kidogo. Halafu akasema lile ambalo sikuliuliza. Kwamba siku ile mzee alipozidiwa, alimtuma mtu aniite. Mara mbili. Mtu aliyetumwa ni Gervas. Akarudi akasema nimekataa kuja.

Miaka yote hii nilimchukia kwa sababu nilidhani alinificha mume wangu anakufa. Na yeye alinichukia kwa sababu alidhani nilikataa.

Tumeosha majembe mbali na mfereji. Tumeagana. Ndivyo ilivyokuwa, hatukukumbatiana wala nini.

Jumanne, 3 Septemba

Nilikwenda kwa Gervas. Nilimwuliza mlangoni mbele ya mke wake. Alisema hakumbuki. Alisema mambo ya msiba ni mengi, mtu hawezi kukumbuka nani alitumwa wapi.

Nimerudi. Sina la kumfanya. Ni hilo tu, sina la kumfanya.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama yake Yustina ameanguka huko Kasulu, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Yustina amefunga nyumba. Amemchukua Anita.

Alipita kwangu asubuhi na begi kichwani. "Dada, nitarudi mvua zikianza. Tupande mahindi." Ni mara ya kwanza kuniita dada. Nilimpa mafungu ya mihogo na kibuyu cha mawese. Nilitaka kumwambia asikawie. Nilimwambia asafiri salama.

Jumapili, 29 Septemba

Joto. Bonde jeusi, majivu matupu. Upepo unayapeperusha.

Kwaya wamenikaribisha tena. Mama Restituta amenishika mkono kama hakuna kilichotokea. Nimemwachia mkono wangu, lakini sikuusikia.

Yustina hapatikani kwenye simu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mawingu upande wa Burundi. Ngurumo bila mvua. Watu wote wanalima. Nimemaliza kutifua kwangu. Kipande cha chini kimeanza kuota magugu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza, nzito. Udongo ulinukia mpaka ndani ya nyumba.

Ilipokatika nilishuka. Gervas alikuwa bondeni kwa Yustina na kijana anayemchimbia udongo. Wamepigilia vigingi, wanavuta kamba kupima. Alinisalimu kwa heshima zote. "Shemeji, mwenzako amekwenda zake. Tutaanza Jumatatu."

Nikamwambia mvua zimenyesha leo, hazijashika. Akasema Jumatatu zitakuwa zimeshika.

Yustina simu yake imeita mara moja, ikakatwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda kwa Yustina na jembe kabla watu hawajaamka. Nimeng'oa vigingi vyake, nikavipanga vizuri pembeni na kamba yake juu, asije akasema nimemwibia. Kisha nikalima.

Goti lilikataa mara mbili. Nikawa nalima nimepiga magoti, navuta jembe kwa mikono. Mama Restituta alipita barabarani akasimama. Alitazama muda mrefu. Baadaye akashuka na jembe lake. Sikumwomba na hakuniuliza.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimelima Jumapili, Mungu anisamehe. Mahindi niliyotenga kwa ajili ya kwangu nimeyapanda kwake, na maharage katikati ya mistari. Nimefika mpaka kwenye mpaka wa mwisho, pale penye matete. Mbegu kidogo iliyobaki nitaiweka kwangu, nitatafuta nyingine.

Sijisikii mwema. Nimechoka tu, na sitaki kusikia koleo la mtu likigonga udongo ule.

Jumatatu, 21 Oktoba

Walikuja na makoleo. Baba mdogo nilikuwa nimemwomba afike. Alikuja na fimbo yake, akapita kwenye mistari, akafukua shimo moja kwa kidole, akaiona mbegu, akaifukia tena.

Gervas akasema, "Hii amepanda nani?"

"Ni ya Mama Anita," nilisema.

"Mama Anita hayupo."

"Yuko Kasulu kwa mama yake. Anarudi."

Baba mdogo alisema kipande kimepandwa, sharti ni sharti. Wakaondoka na makoleo yao. Gervas alisema kuna msimu mwingine. Ni kweli, upo.

Jumatano, 30 Oktoba

Yustina amepiga. Mtandao mbaya. Mama yake bado yuko kitandani, hasemi. Anita ameanza kuuza vitunguu sokoni. Nikamwambia mahindi yake yameota.

Kisha akasema, "Dada, sijui kama nitarudi. Usijichoshe na kipande kile."

Nikamwambia hakinichoshi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepalilia kwake asubuhi, kwangu mchana. Mahindi yake yamezidi ya kwangu kidogo kwa urefu, udongo wa chini una rutuba zaidi. Kila anayeniuliza namwambia anarudi.

Mvua imenyesha kutwa. Nimekaa mlangoni nikaiangalia.